Chaja ya USB-C ya laptopu: soma yale maandishi madogo kabla hujatoa hela

Juzi jioni nimeshafunga nusu ya mlango wa steshenari yangu hapa Malimbe, Mwanza, kaingia kijana wa chuo anahema, laptopu kaikumbatia kifuani. "Shikamoo dada, samahani, una chaja ya taipu C ya kuazima?" Nikamuuliza, mbona chaja unayo mkononi mdogo wangu. Akasema hii nimeichomeka tangu saa kumi, laptopu ilikuwa na asilimia 29 sasa hivi ina 4, na kazi natakiwa niitume kabla ya saa sita usiku. Nikaishika ile chaja, chaja ya simu, nyeupe, imeandikwa 33W kwa herufi kubwa, ile fasti chaji inayokuja na simu, waya mzuri tu, kichwa cha taipu C kinaingia kwenye laptopu bila shida yoyote. Na hapo ndipo watu wengi wanapotea, kikishaingia wanajua kazi imeisha.

Nimeona hii kitu mara nyingi mno hapa dukani, wanafunzi, walimu, hata jamaa wa mizigo ya dagaa wanaokuja kuprinti hesabu zao, kwa hiyo leo naandika yote ninayoyajua mahali pamoja ili hata ukiwa peke yako gheto usiku ujue ufanye nini.

Kitu cha kwanza ambacho ukikishika hicho tu umeshapona nusu: umbo la tundu halisemi umeme kiasi gani unapita. Taipu C ni umbo. Ndani ya umbo hilo hilo inaweza kupita wati 2.5 au wati 240, tofauti yake ni kama bomba la nusu inchi la jirani na bomba kubwa la maji mjini, ila hapa kwa macho yote mawili yanafanana. Zamani kila laptopu ilikuwa na pini yake, ya duara nene, ya duara nyembamba, ile ya mstatili ya njano, ukikosea haiingii, basi umejua siyo yenyewe. Sasa kila kitu kinaingia kila mahali na kazi ya kujua imehamia kwako.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, volti mara ampea unapata wati. Volti 5 mara ampea 3 ni wati 15. Volti 20 mara ampea 3 ni wati 60. Hizo ampea ni zile zile 3 lakini umeona umeme ulivyoongezeka, kwa sababu volti imepanda, na laptopu nyingi zinataka hiyo volti 20, siyo wati tu. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndiyo shina la jambo lote.

Chaja ya USB-C haitoi volti 20 kienyeji. Ukiichomeka inaanza na volti 5, halafu chaja na laptopu zinaongea kupitia pini moja ndogo ndani ya tundu, chaja inataja ilichonacho: mimi nina volti 5, nina 9, nina 15, nina 20, na kila moja ampea hizi. Laptopu inachagua inayoitaka, chaja inakubali, ndipo volti inapanda. Lugha wanayoongea inaitwa Power Delivery, kwa kifupi PD. Kama kwenye ile orodha ya chaja hakuna 20, au chaja haiongei PD kabisa, laptopu inabaki na volti 5, nyingi zinakataa kabisa na zingine zinapokea kidogo kidogo huku zinatumia zaidi ya zinachopokea, ndiyo yule kijana asilimia zinashuka huku taa ya chaja inawaka.

Na zile fasti chaji za simu, hizi za wati 18, 33, 45, hata 67, nyingi zina lugha yake ya kampuni, inaelewana na simu ya kampuni hiyo tu. Chaja inaweza kusukuma wati 33 kwenye simu yako na ikaipa laptopu wati 10. Siyo mbovu, haielewani tu na laptopu. Na kama ile chaja ina tundu pana la zamani, lile la mstatili, halafu waya ndiyo una kichwa cha taipu C upande mmoja, usihangaike nayo kwa laptopu, PD ya kueleweka haipiti humo. Unataka chaja yenye tundu la taipu C kwenye chaja yenyewe.

Sasa unajuaje chaja ina volti 20? Igeuze. Kwenye mgongo au pembeni, karibu na zile pini za ukutani, kuna maandishi madogo ya kijivu juu ya plastiki nyeusi, au meupe juu ya plastiki nyeupe ndiyo mateso zaidi, ambayo hata ukikodoa macho huoni. Mimi ninachofanya nafungua kamera ya simu, nainamisha chaja mwanga wa dirishani upige kwa ubavu, napiga picha halafu naivuta kwa vidole. Unatafuta mstari ulioandikwa OUTPUT. INPUT ni upande wa ukutani, huo utakuta 100-240V, uache kwanza. Kwenye OUTPUT ya chaja nzuri ya wati 65 utaona kitu kama 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Hiyo 20V 3.25A ndiyo roho ya ile chaja, ukizidisha unapata 65. Ya wati 45 itakuwa 20V 2.25A. Ya wati 30 inayoongea 20 itakuwa 20V 1.5A. Ya wati 100 ni 20V 5A.

Ile chaja ya kijana nilipoivuta kwenye picha mwisho wake ulikuwa 11V. Hakuna 20, hakuna 15. Nikampa ya kwangu ya 65, tukachomeka, baada ya kama sekunde mbili taa ya laptopu ikawaka, akakaa pale kwenye benchi la wateja mpaka akamaliza na akatuma.

Na mimi mwenyewe nimeumia kabla ya kujifunza kusoma huo mstari. Nilinunua chaja duka moja mjini kwa shilingi 35,000, boksi limeandikwa 100W kubwa la dhahabu, PD ipo, picha ya laptopu ipo. Nikafika nyumbani laptopu inakataa. Nikaja kugeuza chaja baadaye ndiyo nasoma OUTPUT: 5V 3A, 9V 2A, 12V 1.5A. Piga hesabu, kubwa kuliko yote hapo ni wati 18. Kwa hiyo hata chaja yenyewe ilikuwa inakataa maneno ya boksi lake. Nikarudi, muuza akasema haijaharibika hiyo mbona inachaji simu, na hela haikurudi. Iliniuma sana kwa sababu mwezi ule ilikuwa hela ya kodi ya fremu. Tangu siku hiyo, kokote ninakonunua iwe Makoroboi iwe dukani kwenye kioo, namwambia muuzaji naomba uifungue nisome mgongo wake, asipotaka naondoka.

Twende kwenye wati sasa, laptopu yako inataka kiasi gani. Njia nyepesi ni kuangalia chaja iliyokuja nayo, au kibandiko cha chini ya laptopu, utaona kama 20V na ampea zake, zidisha. Laptopu za mtumba za ofisini ambazo ndizo nyingi huku kwetu, kama ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5, zilitoka na chaja za wati 45 au 65 na zinakubali taipu C. MacBook Air ya M1 ilikuja na wati 30 tu na inatosha kabisa, MacBook Pro ya inchi 16 ya 2021 ilikuja na 140. Zile laptopu za magemu na za wale wanaoediti video nzito zinaweza kutaka 180, 230 na kuendelea, hizo hata kama tundu lake la taipu C linapokea chaji, ukiwa unafanya kazi nzito betri itashuka tu, taipu C ichukulie ni ya dharura.

Mtu akiniuliza anunue ipi, hajui chochote, jibu langu ni 65W yenye 20V. Kwa laptopu ya kawaida ya kuandika, intaneti, hesabu, hiyo inatosha na inabaki.

Chaja kubwa kuliko laptopu haina madhara, nalisema hili kila siku na bado watu wanaogopa. Laptopu ya wati 45 ukiipa chaja ya 100 itachukua 45 yake. Chaja haisukumi wati, laptopu ndiyo inavuta. Ni kama uchote ziwani kwa ndoo ya lita ishirini, ziwa ni kubwa lakini ndoo ni ile ile. Chaja ndogo kuliko laptopu nayo haiunguzi laptopu, inachelewesha tu, ila kuna mambo matatu ya kujua hapo. Ya kwanza, Windows itakuandikia ujumbe kwamba chaja ni ya polepole, usishtuke. Ya pili, baadhi ya laptopu zinajipunguza spidi zikijua chaja ni ndogo, ndiyo unaona mashine imekuwa nzito ghafla ukadhani ni virusi. Ya tatu ni ujanja: kama una chaja ya wati 30 na laptopu ya 65, izime kabisa au funga kifuniko ilale, uiache. Ikiwa imezimwa wati zote zinaenda kwenye betri. Betri ya Wh 50 (Wh ni wati mara saa, ndiyo ujazo wa betri) kwa wati 30 unahesabu kama saa mbili, uwezekano mkubwa zaidi kidogo ya hapo kwa sababu karibu na kujaa chaji huwa inapungua mwendo.

Waya. Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu watu wananunua chaja ya 80,000 halafu wanaichomeka waya wa 3,000.

Waya wa taipu C kwenda taipu C wa kawaida unaruhusiwa ampea 3 tu. Kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Umeshaona tatizo? Chaja ya 65 inataka kutoa ampea 3.25, imezidi 3. Ili ipite lazima waya uwe wa ampea 5, na waya wa ampea 5 unakuwa na kachipu kadogo ndani ya kichwa chake kanachoiambia chaja kwamba mimi naweza. Chaja isipokasikia hako kachipu inabaki kwenye 3, haijalishi waya ni mnene kiasi gani kwa nje. Kwa hiyo chaja ya 65 na waya wa kawaida unapata 60, siyo msiba. Lakini chaja ya 100 na waya wa kawaida unapata 60 pia, na hapo umetupa hela. Waya wa ampea 5 huwa umeandikwa 5A au 100W, na hizi za miaka ya karibuni zimeandikwa 240W, ya 240 inafanya kazi na chaja zote ndogo pia, kwa hiyo ukiwa na uwezo chukua hiyo. Hiyo 240 ilikuja na PD ya 2021, ambayo iliongeza volti 28, 36 na 48 juu ya zile za zamani.

Urefu nao una neno. Waya mrefu na mwembamba unapoteza umeme njiani kuwa joto. Ukishika waya katikati ukaukuta wa moto, au kichwa chake kinachoma vidole, uache kutumia kwa laptopu, ubaki wa simu. Mita moja mpaka mbili inatosha.

Mimi nina kamita kadogo, ni kama flashi yenye kaskrini, kanachomekwa katikati ya chaja na waya kanaonyesha volti na ampea. Siyo lazima ununue, lakini kama wewe ni fundi au unauza vifaa ni hela ndogo inayookoa ugomvi mwingi. Ukichomeka chaja nzuri unaona 5.1 imekaa, laptopu inajibu, halafu namba inaruka moja kwa moja 20.0, na ampea zinaanza kupanda 0.4, 1.1, 2.6, 3.0. Chaja feki inabaki 5.1 imeganda pale. Kuna moja niliyompimia mteja ilikuwa inapanda 20, inakaa sekunde kumi, inaanguka 5, inapanda tena, inaanguka, usiku kucha laptopu inalia ting ting. Ile alikuwa amelala nayo kitandani chini ya mto, nikamwambia hiyo usiitumie tena, itupe.

Kama huna mita, kwenye Mac shika kitufe cha Option ubonyeze alama ya Apple juu kushoto, ingia System Information halafu Power, inakuandikia wati ngapi chaja imekubaliana. Kwenye Windows angalia tu asilimia, andika saa na namba, subiri dakika ishirini huku unaitumia kawaida. Zimepanda, uko salama. Zimesimama, chaja inatosha kutumia haitoshi kujaza. Zimeshuka, umeshajua.

Kuna laptopu zenye tundu la taipu C ambalo halipokei chaji kabisa, ni la data tu, flashi na simu. Hizi zinaudhi kwa sababu hazisemi. Alama za pembeni ya tundu hazieleweki vizuri, kampuni hii ikiweka radi ina maana hii, ile ina maana nyingine, na kuna alama ya betri ambayo kwenye laptopu zingine ina maana tundu hilo linachaji simu yako, siyo chaja kuichaji laptopu. Usitegemee alama. Chukua jina kamili la modeli, lile lililoandikwa chini na siyo la kwenye kioo, litafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe usome sehemu ya umeme. Na kama laptopu ina matundu mawili ya taipu C jaribu yote, zipo zinazopokea chaji tundu moja tu. Kabla ya kununua laptopu ya mtumba nenda na chaja yako ya 65 mfukoni uchomeke pale pale mbele ya muuzaji. Ulaya wameshaweka sheria, simu mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024 na laptopu mpya kuanzia tarehe 28 Aprili 2026 lazima zichajiwe kwa USB-C, kwa hiyo mtumba utakaotoka kule miaka ijayo utakuwa na unafuu.

Chaja za matundu mengi. Imeandikwa 65W, ina matundu matatu, unafurahi, unachomeka laptopu na simu mbili, laptopu inapungua. Hizo 65 ni za chaja nzima na wanagawana. Kwenye mgongo utakuta maandishi kama C1+C2 45W+20W, yaani ukichomeka vitu viwili laptopu inabaki na 45. Na kila ukichomoa au kuchomeka simu, chaja nyingi zinakata umeme wote sekunde moja zinaanza mazungumzo upya. Kama betri ya laptopu yako imekufa na unaishi kwa umeme wa moja kwa moja, hiyo sekunde moja inazima mashine na kazi yako inapotea. Wengi wamelilia hapa kwangu kwa hilo.

Pawabanki nayo. Tunaokwenda Nansio kwa meli, au unakaa visiwani kabisa, pawabanki ya laptopu ni kitu cha maana, lakini zile zilizojaa mtaani za 20,000 mAh zenye 22.5W haziwezi, volti 20 hazina, ni za simu. Unatafuta mstari ule ule wa OUTPUT wenye 20V, na wati 45 au 65. Halafu usihesabu kwa mAh, hesabu kwa Wh: 20,000 mAh mara volti 3.7 gawanya kwa 1000 unapata Wh 74. Kuna inayopotea njiani wakati volti inapandishwa, chukulia utapata kama 60. Betri ya laptopu ya Wh 50 utaijaza mara moja, mara mbili usitegemee. Kama unapanda ndege hapo Mwanza, pawabanki inakaa kwenye begi la mkononi siyo la kuweka chini, na mwisho wa kupita bila maswali ni Wh 100. Ile ya 30,000 mAh ni Wh 111, imezidi.

Sasa umeme wa sola na betri za volti 12, hili niliulizwa na mzee mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Kaja asubuhi, "mwangaluka mayu", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kijana wake anamwekea hesabu kwenye laptopu wakiwa kambini kisiwani, wana betri za taa za kuvulia, na walikuwa wanatumia inveta kuwasha chaja ya laptopu, betri inaisha haraka kuliko taa. Sababu ni kwamba inveta inapandisha 12 kwenda 230, halafu chaja inashusha 230 kwenda 20, mara mbili, na kila mara kuna inayopotea, na inveta yenyewe inakula hata kama hujachomeka kitu. Nikamshauri aachane na inveta, anunue chaja ya gari ya PD, ile ya kuingia kwenye tundu la sigareti, yenye 20V na wati 65 imeandikwa, na soketi ya sigareti yenye vibanio vya betri na fyuzi. Hiyo inatoka 12 kwenda 20 moja kwa moja.

Hesabu aliyoondoka nayo ni hii. Betri ya volti 12 ya Ah 20 (ampea mara saa) ni Wh 240. Betri za asidi usizimalize, tumia nusu ili zidumu, kwa hiyo Wh 120, toa inayopotea zinabaki kama 100. Laptopu ya Wh 50 utaichaji karibu mara mbili ikiwa imezimwa, lakini ujue usiku huo taa hazitawaka muda ule ule, kwa hiyo chagua. Chaja ya wati 65 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 6, waya mwembamba wa redio usiutumie, utayeyuka, na fyuzi ya 10 weka karibu na betri. Na usifunge chaja moja kwa moja kwenye paneli bila betri. Wingu likipita volti inashuka, chaja inazima, laptopu inaanza upya, wingu lingine, hivyo hivyo mchana kutwa.

Umeme wa ukutani. Chaja nzuri inakubali volti 100 mpaka 240, huo ndiyo ule mstari wa INPUT, kwa hiyo ukikaa mtaa wenye umeme mdogo, jioni taa zinakuwa nyekundu, feni inazunguka kwa uvivu, chaja ya laptopu bado itafanya kazi, itapata joto zaidi tu. Kinachoua chaja ni umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika, na jenereta ndogo zinazopanda na kushuka. Ukikatika chomoa, ukirudi hesabu dakika tano ndiyo uchomeke, au pitishia kwenye frijigadi kama unayo. Na kuhusu LUKU, wateja wengi wanaamini chaja ya 65 inakula umeme sana: wati 65 kwa saa mbili ni uniti 0.13, ongeza ya joto uwe 0.15. Pasi inaimaliza hiyo ndani ya dakika kumi.

Wenye laptopu ya zamani ya pini ya duara, kuna viadapta vya taipu C kwenda pini yako, vinaiomba chaja volti 20. Laptopu ya volti 19 au 19.5 kwa kawaida inaivumilia 20, lakini hakikisha adapta ni ya aina ya pini yako kabisa, na kwa Dell na HP kuna kapini ka katikati kanakoitambulisha chaja, adapta isiyo nako laptopu itawaka ila haitaingiza chaji. Laptopu ya volti 12 au 15 usijaribu hata siku moja, hiyo 20 itaiunguza.

Laptopu ikizimika kabisa mpaka haitoi hata taa, usikimbilie kwa fundi kubadilisha betri. Chomeka chaja yenye 20V, iache nusu saa bila kuigusa. Ikikataa, angalia tundu kwa tochi ya simu, huku ufukweni vumbi na nyuzi za mfukoni vinajishindilia ndani mpaka kichwa cha waya hakifiki mwisho, husikii ile "tak" ya kuingia. Toa kwa kijiti cha meno cha mti kikavu, laptopu ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, pole pole pembeni, usiguse ile ulimi wa katikati. Laptopu mbili mwezi uliopita zilipona kwa kijiti tu, wenyewe walikuja wakiwa wameshaambiwa wabadilishe bodi.

Waya wangu wa ampea 5 nimeufunga uzi mwekundu wa kushonea pande zote mbili karibu na kichwa, maana ukichanganyika na nyaya za simu kwenye droo huwezi kuujua tena kwa macho, na kijana wa juzi aliporudisha chaja asubuhi aliniletea na waya wake mwenyewe kimakosa, nikaona hauna uzi, nikamrudisha nyumbani akaulete wa kwangu.